Mlevi, Umuborerwe na Teja: Lugha ya Ulevi wa Vijana katika Gitega na Muyinga

Petit Pays, riwaya ya Gaël Faye iliyotoka mwaka 2016 na kutunukiwa Tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari mwaka huohuo, husomwa zaidi kama riwaya ya vita na ya utoto uliokatizwa. Usomaji huo ni halali. Hata hivyo, ndani yake imo riwaya nyingine, ya pombe. Msimulizi anaisifu kabare, yaani kilabu cha pombe cha Burundi, kuwa ni baraza la umma ambamo watu huketi gizani na kusema wasiyothubutu kuyasema mchana. Gabriel, mtoto, yumo katika giza hilo miongoni mwa watu wazima wanaokunywa, wala haulizwi amefuata nini. Mwishoni, akiwa mtu mzima aliyerejea kutoka Ufaransa, anairudia kabare ya mtaani kwao na kuitambua gizani sauti ya mama yake, ambaye akili yake ilivunjika kwa aliyoyaona Rwanda mwaka 1994. Faye haziunganishi ncha hizi mbili kwa hoja, ameziacha zitazamane. Hapo ndipo penye nguvu ya kazi yake, na ndipo penye pengo lake pia: kati ya mtoto anayevumiliwa kilabuni na mtu mzima aliyepotelea humo, hayupo kijana.

Pengo hilo ni la zamani. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), mlevi ni baba, Zakaria, na mabinti ndio wanaolipa gharama ya ulevi wake. Kijana anywaye, anapotokea katika riwaya za Kiswahili, kwa kawaida huwa ni dalili ya upotovu uliokwisha kuhukumiwa. Kuanguka kwake hupewa sura kadhaa. Kupona kwake, kukiwapo, hupewa aya. Labda ni kwa sababu kupona hakuna msuko wa kuvutia: ni siku zinazofanana, na kurudia kunywa, na kuanza tena.

Yafaa hoja hii ihamishwe kutoka Bujumbura ya Faye hadi Gitega na Muyinga. Gitega, mji mkuu wa kisiasa, una kiwanda cha bia cha Brarudi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1955 ambamo Heineken ina hisa nyingi na serikali ya Burundi ina sehemu yake. Mlinzi wa kijana, basi, ni mbia katika biashara hiyo, jambo ambalo washauri wa sera huliweka pembeni kwa adabu iliyozidi kiasi. Lakini si chupa peke yake. Vijijini ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa nyasi, na maji yake huchanganywa na unga wa mtama ili yachachuke yawe urwarwa. Umutobe, yaani maji hayo kabla ya kuchachuka, ni kinywaji cha watoto. Mpaka kati ya halali ya mtoto na pombe ya baba ni siku chache tu katika mtungi uleule. Pombe hiyo pia hufunga mahari na hutolewa kwa wazee waamuzi, Abashingantahe, chini ya jina la agatutu. Kijana anayekatazwa pombe huwa amekatazwa pia kuketi mahali pa watu.

Vyombo vya utafiti navyo vinastahili kuhakikiwa kama matini. Hojaji ya AUDIT ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 10, humwuliza mtu hunywa vinywaji vingapi katika siku ya kawaida. Swali hilo limetungwa kwa ajili ya glasi na chupa. Palipo na mtungi mmoja na mirija ya kupokezana, kijana anayejibu “sijui” hatakuwa ameficha kitu. Mtafiti atakayeandika sifuri ndiye atakayekuwa amebuni hadithi.

Tatizo la neno ni kubwa zaidi. Muyinga, uliokuwa mkoa hadi mwaka 2025, eneo la mpakani lenye kituo cha forodha cha Kobero, husikia Kirundi na Kiswahili pamoja. Kiswahili husema mlevi, kwa kiishio -i cha mtenda, kama mwizi na mlinzi: ulevi ni kazi yake. Kirundi husema umuborerwe, umbo lililobeba -w- ya kutendwa: kuna kitu kimempata. Sarufi haiponyi mtu, na msemaji wa Kirundi anaweza kulitamka neno hilo kwa dharau kamili. Hata hivyo, mfasiri wa bango la afya anapoandika mlevi mahali pa umuborerwe, amemhamisha mgonjwa hadi kizimbani. “Mraibu” ni sahihi zaidi, ila ni neno la kitabuni, ambalo kijana wa miaka 15 sokoni Muyinga huenda hajawahi kuitwa.

Msamiati hai wa kupona umetokea kwingine. Katika pwani ya Tanzania na Kenya, watumiaji wa heroini walijitungia lugha: teja kwa mtumiaji, arosto kwa mateso ya mwili unaponyimwa ulichozoea. Zanzibar, nyumba za kupona, soba hausi, zimeendeshwa na watu waliopita humo wenyewe. Msamiati huu haukusubiri baraza la lugha, nao una jambo ambalo mahubiri ya “acha leo” hayana: unakiri kwamba kuacha kunauma. Kwa pombe kukiri huko ni suala la uhai, maana anayekunywa sana kila siku akikatisha ghafla anaweza kupatwa na kifafa na kuweweseka, hata kufa. Kulihamisha neno arosto hadi Gitega bila marekebisho kungebeba harufu ya heroini na aibu yake. Kuliacha pwani kungemnyima kijana jina la kile kinachomtetemesha asubuhi. Tafsiri inayofaa itapatikana kwa kuwasikiliza wanaotetemeka, kwa Kirundi kwanza, kabla ya kuandika mwongozo wowote kwa Kiswahili au Kifaransa, na mwongozo huo ufike mikononi mwa muuguzi wa zahanati ya kilimani, ambaye ndiye atakayempokea kijana huyo akiwa ameletwa na mama yake kwa madai ya malaria.