Kanisa kwa Kura za Bunge

Sheria ya makanisa ya Hungaria ya mwaka 2011 yatuhusu sisi Walutheri, maana kanisa dada letu lilikuwa miongoni mwa 14 yaliyotambuliwa tangu awali. Mamia ya jumuiya nyingine zilivuliwa hadhi ya kanisa; kuipata tena kulihitaji theluthi mbili za kura bungeni. Serikali ilidai kuwazuia walaghai waliojificha katika dini. Lakini mlaghai hushtakiwa kwa ulaghai wake, wala haihitajiki kura juu ya imani ya jirani yake. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona vivyo hivyo. Tena Walutheri wa Hungaria walipopewa Hati ya Uvumilivu mwaka 1781, walitakiwa wawe familia 100 ndipo wajenge nyumba ya sala, isiyo na mnara wala kengele.