Neno "Kifafa" katika Injili ya Mathayo

Katika Biblia ya Union Version, iliyotolewa nzima mwaka 1952, baba mmoja amwendea Bwana Yesu kwa ajili ya mwanawe mwenye kifafa (Mathayo 17:15). Je, wafasiri walifanya vema kulitia neno hilo? Swali hili si la wajuzi wa lugha peke yao, maana mwalimu akilifundisha vibaya, yuko mtoto kijijini atakayeumia.

Tuanze na Kiyunani. Neno la Mathayo hapo latoka katika jina la mwezi: kijana amepatwa na mwezi, kwa kuwa watu wa kale walidhani maradhi haya hufuata kukua na kupungua kwake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliufuata mwezi huo huo. Wasahihishaji wa mwaka 1881 wakauacha, wakatia epilepsia, neno la Kiyunani pia, ambalo asili yake ni kukamatwa. Warumi nao waliuita ugonjwa wa baraza, kwa sababu mtu akianguka kati ya mkutano, mkutano ulivunjwa.

Basi kila taifa liliupa ugonjwa jina kwa jambo lililoonekana au lililoogopwa. Mswahili asema kifafa, na sikio lasikia ndani yake kitenzi kufa: ni kama kifo kidogo, ambacho mtu hukiingia, kisha huinuka. Jina hili halitaji mwezi, wala mkono wa mwenye kukamata. Lasimulia lionekanalo tu, tena kila msikiaji alijua. Kwa hiyo twasema wafasiri walichagua vema.

Lakini hatari ipo. Mstari wa 18 wanena kwamba pepo alimtoka kijana, na msomaji wa haraka huhukumu kwamba kila kifafa ni pepo. Mathayo mwenyewe amelizuia kosa hilo mapema. Katika 4:24 awataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza, kila kundi kwa jina lake, na wafasiri wakawatenga vivyo hivyo. Haifai kuifundisha sura ya 17 pasipo mstari huo.

Yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, tabibu wa Kiyunani aliyeandika kitabu cha Ugonjwa Mtakatifu alikwisha kunena kwamba ugonjwa huu si mtakatifu kuliko mwingine, na kwamba chanzo chake ni ubongo. Hata hivyo hofu haikuisha. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanganyika, mwaka 1960, alikuta watu wakiyaogopa mate na povu la mgonjwa, wakidhani yaambukiza. Na wagonjwa wengi walikuwa na makovu ya moto.

Kijana wa Mathayo naye alikuwa akianguka motoni, lakini baba yake hakumkimbia. Hilo ndilo la kufundishwa pamoja na neno lenyewe: kifafa hakiambukizwi kwa mate. Mgonjwa aondolewe penye moto, alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani. Kisha apelekwe kwa tabibu, maana dawa zipo. Na atakayemwombea, amwombee akiwa amemshika mkono.