Mifuko ya hewa ilipotolewa: springi za nyuma za Lexus moja ya Kanzenze

Gari lilikuwa limelala. Matairi yote manne yalikuwa na upepo wa kutosha, lakini nyuma kulia bodi ilikuwa imeshuka hadi kiganja hakipiti kati yake na tairi. Mwenye gari alipowasha injini, kompresa ilianza kunguruma chini, ikanguruma zaidi ya dakika nzima, na makalio ya gari yakainuka taratibu kama ngamia anayesimama. Asubuhi iliyofuata likakutwa limelala tena.

Lilikuwa Lexus GX 470, ndugu wa tumbo moja na Toyota Land Cruiser Prado ya kizazi cha 120. Yote mawili yalitengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2009. Kanzenze iko Rwanda, na Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo Lexus iliyouzwa Marekani inafika na usukani mahali pake. Inafika pia na mifuko miwili ya mpira iliyojazwa hewa nyuma, pale ambapo Prado nyingi za kawaida zina springi za chuma.

Fundi hakukimbilia kulaumu kompresa. Alikoroga sabuni ya unga kwenye kopo la maji, akalala chini ya gari, akaupaka mfuko wa kulia kwa brashi. Povu lilitokea kwenye mkunjo wa chini, pale mpira unapojikunja na kujikunjua kila gurudumu linapopanda na kushuka. “Mzee, kompresa haina kosa,” alisema. “Inajaza debe lililotoboka.”

Mkunjo huo ndio mahali mifuko mingi inapofia. Ukiacha lami ya Kanzenze na kuingia njia za mashambani, unakanyaga changarawe nyeusi ya volkano. Chembe zake hunata kwenye tope, tope hukaukia ndani ya mkunjo, na kila mtikisiko unausugua mpira kama msasa.

Mwinuko nao una mchango wake, na sijaona watu wengi wakiuhesabu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na barabara ya Gisenyi kwenda Musanze hupanda kupita mita 2,000. Kwenye kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama nne ya tano ya ile ya pwani. Kompresa inavuta hewa nyepesi, kwa hiyo kwa kila mzunguko inapata hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano, na lazima izunguke muda mrefu zaidi ili kujaza mfuko uleule. Tundu dogo ambalo Mombasa lingevumilika miezi kadhaa, huku juu linaichosha mota mapema.

Mwenye gari alikuwa na njia mbili: kununua mifuko mipya, au kuhamia kwenye springi. Nasema kwa moyo mweupe kwamba mfumo wa hewa ukiwa mzima ni kazi nzuri ya uhandisi. Sensa ya kimo inaona gari limeshuka, kompresa inaongeza hewa, gari linarudi usawa wake hata ukipakia buti zima. Zaidi ya hapo, hewa ikiongezwa, mfuko unakuwa mgumu kadiri mzigo unavyozidi, ndiyo maana gari halidundi ovyo likiwa tupu wala halizami likiwa limejaa. Springi haina akili hiyo. Ugumu wake ni uleule siku zote, na hapo ndipo kazi hii huharibika mikononi mwa watu wengi: wananunua springi kwa jina la gari, hawanunui kwa uzito wanaoubeba.

Chukua hesabu rahisi. Tuseme springi moja inahitaji kilo 2.5 ili ibonyee milimita 1. Pakia magunia matatu ya viazi ya kilo 100 juu ya ekseli ya nyuma. Kila upande unapata kilo 150, na gari linashuka milimita 60. Weka springi ngumu zaidi, ya kilo 3.5 kwa milimita, na mzigo huohuo unalishusha milimita 43 tu. Lakini siku unayorudi mtupu, springi hiyo itakurusha kwenye kila jiwe. Mwenye Lexus yetu hubeba familia siku nyingi, na viazi mara moja moja msimu wa mavuno. Fundi akachagua springi ya ugumu wa kati yenye kimo cha kiwandani. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Vijana wengi wangetaka ndefu, gari lipande juu. Kwenye ekseli nzima ya Prado kuna fimbo ya pembeni, upande mmoja imefungwa kwenye chesisi na mwingine kwenye ekseli, kazi yake kuizuia ekseli isihame kushoto wala kulia. Ukilipandisha gari, fimbo hiyo inainama zaidi na kuivuta ekseli upande mmoja. Pembe ya propela nayo inabadilika, na mtetemo unaanza. Sioni sababu ya kununua matatizo mapya ili kutibu la zamani.

Habari njema ni kwamba Toyota yenyewe iliuza Prado hiyo ikiwa na springi za chuma nyuma, na chesisi na ekseli ni za ukoo mmoja. Vikalio vya springi vipo, hakuna kuchomelea. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Land Rover Discovery ya pili, iliyotoka mwaka 1998: kiwandani ilitolewa kwa namna zote mbili. Kazi ya namna hii, basi, ni kulirudisha gari kwenye umbo ambalo mtengenezaji anajua linafanya kazi.

Kabla ya kugusa spana, fundi alipima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, mfumo ukiwa umejaa hewa, akaandika namba kwa chaki ukutani. Kipimo cha kutoka ardhini kingedanganya, kwa sababu upepo wa tairi unakibadilisha. Akazima mfumo wa kimo kwa swichi yake, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua nyuma na kuiegemeza chesisi kwenye stendi mbili. Jeki ilibaki chini ya ekseli. Hewa iliyobaki aliitoa polepole, uso ameugeuzia pembeni. Mfuko uliojaa si kitu cha kufungua kwa haraka.

Baada ya hapo alifungua boliti za chini za shokapu na linki za stabilaiza, akaishusha ekseli sentimita chache chache huku jicho lake likiwa kwenye hozi ya breki na nyaya za sensa za magurudumu. Hapa ndipo pa kutulia. Hozi ikivutwa leo, inaweza kupasuka mwezi ujao kwenye mteremko. Mifuko ilitoka, vikalio vikasuguliwa kutu, mipira mipya ikawekwa juu na chini, na ncha ya springi ikazungushwa hadi ikakaa kwenye kituo chake. Alihakikisha pia mpira wa kuzuia chuma kugonga chuma upo, kwa kuwa mifuko mingi ya hewa hubeba mpira huo ndani yake, na ukiutoa mfuko umeondoka nao. Boliti za mikono ya ekseli alizokuwa amezilegeza hakuzikaza gari likiwa juu; alisubiri likanyage ardhi kwa uzito wake. Bushi iliyokazwa ikiwa hewani hukaa imejipinda maisha yake yote, na haidumu.

Ukabaki umeme. Kompresa isipokatiwa umeme itaendelea kutafuta kimo ambacho haiwezi tena kukibadilisha, hadi iungue. Alitoa fyuzi yake, akaziba mirija ya hewa isiingie maji. Nyaya hakuzikata, kwani shokapu za gari hili nazo zinaongozwa kwa umeme. Taa moja ya onyo ilibaki ikiwaka kwenye dashibodi, naye akamweleza mwenye gari ni ya nini, badala ya kuibandika karatasi nyeusi kama nilivyoona gereji moja ikifanya.

Mwisho walilishusha gari kuelekea ziwani, likiwa na watu watano, wakarudi na kupima tena. Nyuma kulia na kushoto zilipishana milimita 4. Taa za mbele zilirekebishwa jioni hiyohiyo, kwa sababu nyuma ikishuka kwa mzigo mwanga hupanda na kumpofua mwendesha baiskeli anayekuja.

Nawe unayefikiria kazi hii, usianze kwa kuulizia bei ya springi. Lipakie gari mzigo wako wa kawaida, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, kisha mpelekee fundi namba hizo pamoja na kilo ulizobeba.