Chuma Mgongoni: Kurasa Tano za Steve Ditko

Kila mwaka, tangu tarehe mosi Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi katika Ziwa Mweru hufungwa ili samaki wapate kuzaa, na hapo ndipo ufuko wetu wa Nchelenge, ambao siku nyingine hauna nafasi ya kukaa kitako, hubadilika tabia: nyavu hukunjwa, mitumbwi hupinduliwa juu ya mchanga wa Kashikishi, na mtu aliyezoea kulala mchana, kwa kuwa usiku wake ni wa kutafuta samaki wa chisense kwa taa, hujikuta ana mchana mrefu usiokuwa na kazi. Katika msimu kama huo, nami ni mtoto wa shule, mjomba wangu alirudi likizo kutoka migodi ya Kitwe, akipitia ile njia inayokatiza ulimi wa ardhi ya Kongo mpaka kivuko cha Luapula, akaniletea bunda la vitabu vya katuni vilivyokwisha kupita katika mikono mingi: vingine havina jalada, vingine vimeliwa na panya pembeni, na vyote vinanuka mafuta ya taa.

Miongoni mwake lilikuwamo toleo la 33 la *The Amazing Spider-Man*, lenye tarehe ya Februari 1966, na hilo nimelisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichopewa darasani. Nataka kulichambua leo, maana kurasa zake tano za mwanzo zinaonyesha, kwa uwazi ambao sijauona penginepo, jinsi mchoraji anavyoweza kumfanya msomaji ahisi uzito kwa kutumia karatasi, ambayo yenyewe hupeperushwa na upepo mdogo wa ziwani. Nakala yangu ilikuwa na kasoro moja: karatasi yenye ukurasa wa tano na wa sita ilikuwa imeng'oka. Basi kwa miaka mingi niliusoma ukurasa wa nne, kisha nikaurukia wa saba, na yule niliyemwacha amelaliwa na chuma nikamkuta amekwisha kuwa huru. Kasoro hiyo ndiyo iliyonifundisha kusoma katuni, kwa namna nitakayoieleza.

Kwanza kisa chenyewe, kwa ufupi. Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, ni kijana yatima aliyelelewa na ami yake Ben na mkewe May. Ben aliuawa na mwizi ambaye Peter, akiwa amekwisha kupata nguvu zake, alimwacha apite kwa kiburi tu, asione kuwa jambo lile linamhusu. Sasa May yu mahututi, kwa sababu damu aliyoongezewa ilikuwa damu ya Peter mwenyewe, na damu ile ina sumu ya mionzi ndani yake. Dawa inayoweza kumponya imeibwa na adui wake Doctor Octopus, ikafichwa katika pango lake chini ya maji. Peter amekwenda kuitafuta, wamepigana, jengo limeporomoka, na mashine kubwa ya chuma imemwangukia mgongoni. Dawa iko mbele ya macho yake, karibu kabisa, ila mkono haufiki. Juu, dari limepata ufa, na maji yameanza kudondoka.

Hapo toleo la 33 linaanza. Mtunzi wa pupa angalimwinua shujaa wake kwa kisanduku kimoja au viwili, akaendelea na ngumi, maana wanunuzi wa vitabu hivi, kwa dhana ya wakati ule, walitaka ngumi. Steve Ditko, mchoraji wa toleo hili, amelipa tendo moja, tendo la mtu kunyanyuka, kurasa tano katika kitabu chenye kurasa ishirini: robo nzima ya hadithi, na ndani ya robo hiyo hapana adui hata mmoja wa kupigwa. Israfu hiyo ni ya makusudi, nayo ndiyo siri ya kwanza. Katika katuni muda haupimwi kwa saa, hupimwa kwa nafasi. Msomaji hukaa katika tendo kadiri alivyopewa visanduku vya kupitia, na aliyepewa visanduku vingi vya mtu asiyeweza kujinasua, yeye naye huanza kubanwa pumzi.

Siri ya pili ni uwiano wa kitu na kisanduku chake. Tazama jinsi chuma kile kinavyochorwa: hukioni chote, kwa sababu kingo za kisanduku zimekikata, na macho yako, yakishindwa kuona kinakoishia, yanakubali kwamba hakina mwisho. Mtu yuko chini, amebanwa, na visanduku vyenyewe ni vidogo, hata inakuwa kana kwamba mistari ya kisanduku nayo imemlalia pamoja na mashine. Anajaribu, anashindwa. Anajaribu tena, anashindwa tena. Anamkumbuka ami yake, anamkumbuka May, na nyuso zao zinamjia pale gizani kama watu wanaomtazama. Kisha kidogo kidogo mwili unapata pembe: goti linapiga sakafu, mgongo unajikunja, bega linatangulia, na kadiri mwili unavyopanda, visanduku navyo vinakua, mpaka ukurasa wa tano, ambao wote ni picha moja tu.

Siri ya tatu ni maji, na hapa naomba niseme kama mtu wa ziwani. Anayevuka kutoka Nchelenge kwenda Kisiwa cha Kilwa kwa mtumbwi wenye ufa haogopi sana wimbi kubwa, maana wimbi huonekana likija na nahodha hulielekezea omo. Anachokiogopa ni yale matone yanayoingia taratibu, ambayo mtu huyachota kwa kopo akidhani ameyamaliza, akaangalia tena akayakuta yamerudi. Ditko hakumletea Peter mafuriko mara moja. Alimletea matone. Yanadondoka katika kisanduku hiki, yanadondoka katika kisanduku kile, na msomaji hahitaji kuambiwa kwamba muda unakwisha, kwa kuwa anauona ukianguka mbele yake.

Siri ya nne imo katika wino, na hiyo niliifahamu usiku mmoja tukivua, sikuipata kitabuni. Taa ya kuvutia chisense haiangazi ziwa. Inaangaza duara dogo la maji kando ya mtumbwi, na nje ya duara hilo hakuna kitu, hakuna nchi, hakuna mbingu, kiasi kwamba kila kilichomo ndani yake, uzi wa wavu, ukucha wa mvuvi, pezi la samaki, huonekana kwa ukali usiouona mchana. Ditko alikuwa akichora kwa penseli na kutia wino kwa mkono wake mwenyewe, ilhali wachoraji wengi wa tasnia ile walichora penseli tu, wino ukatiwa na mwingine. Kwa hiyo giza lake ni giza alilolikusudia tangu mstari wa kwanza. Anakijaza kisanduku weusi, anakiachia mwanga kidogo tu, na mwanga huo unaangukia panapostahili: vidole vilivyokaza, mkunjo wa kinyago, chupa ya dawa. Na ijulikane kuwa zama zile michoro ilifanywa kwenye karatasi nzito yenye ukubwa wa takriban mara mbili ya ukurasa wa kitabu, kisha ikapunguzwa kwa kamera ya mpiga chapa, ikatiwa rangi za vitone juu ya karatasi ya bei nafuu inayonyonya wino kama mchanga. Rangi za nakala yangu zilikuwa zimepauka kwa jua la Luapula hata nyekundu imekuwa kama udongo, lakini weusi wa Ditko ulibaki ulivyo, na hadithi ilisomeka barabara.

Aliyezoea hadithi za picha za huku kwetu ataniuliza kuhusu Lance Spearman, yule mpelelezi mwenye kofia ya panama ambaye gazeti lake la *African Film*, kazi ya kampuni ya Drum, lilisomwa Nairobi, Dar es Salaam, Lagos na kwingineko katika miaka ya 1960, na ambaye kwa mfano wake Faraji Katalambulla, mwandishi wa *Simu ya Kifo*, alitoa *Film Tanzania* kwa Kiswahili. Nampenda Spearman. Lakini yeye alipigwa picha kwa kamera, na kamera haiwezi kuongeza uzito wa chuma. Mtu akiruka ukuta, unapewa picha ya anayeanza na picha ya aliyekwisha kutua, na katikati ni juu yako. Ustadi wake ni mwingine, wa sura na mavazi na mwendo wa mjini, nao una haki ya kuchambuliwa peke yake siku nyingine.

Jambo moja linaloniuma katika historia ya fani hii lihusulo bara letu ni *Powerman*, katuni iliyotengenezwa London mwaka 1975 kwa ajili ya wasomaji wa Nijeria, ikachorwa kwa zamu na vijana wawili wa Kiingereza, Dave Gibbons na Brian Bolland. Visanduku vyake vilitiwa namba, moja, mbili, tatu, kwa dhana kwamba msomaji wa Kiafrika, asiyezoea katuni, angepotea njia katika ukurasa. Nasema bila kuficha kwamba dhana hiyo ilikuwa ya dharau. Mtoto aliyekua akisikiliza hadithi za Kalulu jioni, ambamo sungura huyo hutoka katika hila hii akaingia katika hila ile bila msimulizi kusimama kueleza, anajua tangu utotoni kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Mimi nilivuka karatasi nzima iliyong'oka nisipotee, sembuse kutoka kisanduku kimoja kwenda cha pili. Gibbons mwenyewe, miaka kumi na moja baadaye, alianza na Alan Moore kile kitabu cha *Watchmen*, matoleo 12 ya mwaka 1986 na 1987, kilichojengwa juu ya mpango wa visanduku tisa kwa ukurasa. Mpango ambao Ditko naye aliupenda, na ambao ukichorwa na mwenye akili hauhitaji namba.

Sasa niwataje wenye kazi, maana uchambuzi usiowapa haki yao ni dhuluma nyingine juu ya dhuluma. Katika Marvel, kampuni iliyotoa kitabu hiki, utaratibu ulikuwa huu: Stan Lee alimpa mchoraji muhtasari wa kisa, aghalabu kwa mazungumzo tu, mchoraji alikwenda kuchora hadithi nzima, akaamua mwenyewe kipi kichukue ukurasa na kipi kichukue kisanduku, kisha Lee akatia maneno juu ya picha zilizokwisha. Na Ditko alifika mbali zaidi, kwa kuwa kuanzia toleo la 25 gazeti lenyewe lilikiri kwamba msuko wa kisa ni wake, na katika miezi ya toleo hili la 33 yeye na Lee walikuwa hawasemezani. Kwa hivyo kurasa tano ninazozisifu, kwa nadhari yangu, ni za Ditko tangu fikra mpaka wino. Lee ndiye aliyemtia Peter ulimi, akamfanya azungumze kama kijana mwenye ada ya kulipa na mgonjwa nyumbani, na bila ulimi ule tusingalimjali. Walakini katika kurasa hizi maneno yamezidi, na ningalikuwa na ruhusa ningalifuta nusu ya vile viputo, nikaacha matone yaseme. Ditko aliondoka Marvel mwaka huohuo wa 1966, baada ya toleo la 38, akaishi New York akikwepa mahojiano, na wote wawili wakafariki mwaka 2018.

Wenzao wa kabla walidhulumiwa zaidi. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki zote za Superman mwaka 1938 kwa dola 130, ikawapasa kungoja mpaka 1975, wakiwa watu wazima wenye maradhi na ufukara, ndipo wakapewa malipo ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao yakarudishwa. Bill Finger, aliyemtunga Batman pamoja na Bob Kane, alikufa mwaka 1974, na jina lake halikuwekwa rasmi karibu na la Kane ila mwaka 2015. Nikifikiri habari hizi huwa sisomi tena siku ile.

Ukurasa wa tano nilikuja kuuona nikiwa mtu mzima, katika kitabu kilichokusanya matoleo hayo, nilichokikuta dukani Lusaka. Nilisimama pale pale nikaufungua. Utotoni nilikuwa nimejichorea ukurasa ule uliopotea, kwa kaa la moto juu ya kipande cha boksi la sabuni, nikakiingiza mahali pake katika nakala ya mjomba. Katika mchoro wangu Spider-Man alikuwa mkubwa, amejaza boksi lote, na mashine juu ya mikono yake ilikuwa ndogo kama debe la maji, kwa kuwa nilidhani ndivyo ushindi unavyochorwa. Ditko alifanya kinyume. Alimpa mtu wake ukurasa mzima, akamsimamisha, mikono juu, maji yakimmwagikia, lakini chuma hakukipunguza hata kidogo. Kimejaa kule juu, kizito vilevile kama kilivyokuwa katika ukurasa wa kwanza, na wewe unayetazama unaogopa kwamba kitamrudia.

Nakala ya mjomba ninayo bado, na lile boksi limo ndani. Desemba hii wapwa zangu wawili waliikuta, na mdogo, aliyefika ukurasa wa nne, aliniuliza mbona mashine imekuwa ndogo ghafla. Nikampa kile kitabu cha Lusaka, nikamwambia afungue mahali palepale.