PC gamer kwa promosio: wameshusha bei, ama wameshusha mashini?



Kwa vikundi vya WhatsApp vya hapa Bunia kuna tangazo linalorudi-rudi. Sanduku jeusi lenye kioo pembeni, taa za rangi ndani, na maneno haya: PC GAMER, Core i7, RAM 16, SSD 256, kadi GTX giga 4. Bei 650$, imekatwa na mstari mwekundu. Chini yake: 480$, zimebaki mbili. Magazini sitaitaja, juu tangazo si la mtu mmoja. Leo ni huyu, kesho ni mwingine, picha ni ileile.

Wengi wanaingia inboksi kuuliza: «480 si iko nzuri, kama ilikuwa 650?» Tuanzie hapo. Ile 650 nani aliiandika? Muuzaji mwenyewe. Mstari mwekundu pia ni wake. Punguzo la kweli halipimwi na bei iliyokatwa. Linapimwa na vitu viwili: vipande vilivyo ndani ya sanduku, na nyumba ambamo sanduku litawekwa.

Twende kwa vipande. «Core i7» ni jina la ukoo, si umri. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Core i3-12100 ilitoka mwaka 2022, na hiyo i3 «ndogo» inaiacha mbali ile i7. Kwa hiyo tangazo linaloandika i7 bila namba zinazofuata halijasema kitu. Ukiuliza namba na muuzaji akajibu «ni i7 kabisa, ndugu yangu», umeshajibiwa.

Namba hiyo ina uzito mwingine. Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini ya 2011 itaendelea kuwaka, ndiyo, ila bila masahihisho ya usalama ya kawaida, na wewe unafungulia humo kila flashi inayotoka siberi. Anayejua Linux anaweza kuipa maisha mengine. Lakini tangazo halisemi hivyo.

«GTX giga 4» ni vilevile. Mara nyingi ni GTX 1050 Ti, kadi iliyotoka mwaka 2016 kwa dolari 139, mpya. Si kadi mbaya: GTA V inacheza, mpira unacheza, na kwa montaji ya video inasaidia. Ila ni mzee anayestaafu, na NVIDIA imeacha kuitolea madereva mapya ya michezo. Halafu kuna za bandia: kadi za zamani zaidi zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la 1050 Ti. Windows inadanganyika. Programu ya bure ya GPU-Z hazidanganyi kirahisi. Nyingi inazitambua na kuzitaja waziwazi.

Sasa hesabu ya mtoto wa shule. Zunguka mjini, uliza bei ya mashini ya ofisi ya umri uleule, ile ya kijivu bila kioo wala taa. Ongeza bei ya kadi ya mtumba. Ukipata 300, basi ile 480 «ya promosio» imekuuzia taa na kioo kwa 180. Wengine wanapenda taa, si dhambi. Lakini tuite kitu kwa jina lake.

Tuje kwa nyumba. Hapa kwetu umeme haufiki kila avenue, na pale unafika unakatika bila kubisha hodi. Sanduku kama hili, na skrini yake, mchezo ukiwa umewaka, linakula karibu wati 200. Betri ya sola ya volti 12 na ampe-saa 100 ina wati-saa 1200, na betri za maji au jeli ukizimaliza zaidi ya nusu unaziua mapema. Unabakia na 600. Ni masaa matatu, na ukitoa kile konvertisa inachokula hayafiki matatu. Kompyuta ya mkononi inayoandika TFC inakula wati 30 hivi: betri ileile inakupa masaa 15 na zaidi. Na umeme ukienda, ya mkononi inabaki inawaka. Ile ya taa inazima papo hapo, na ukurasa ambao haukuhifadhi unaenda nao.

Kadi yenye nguvu zaidi haitatui jambo hilo, inalikuza. RTX 3060 peke yake imepangiwa wati 170. Ukisikia mtu anakuambia «ongeza kidogo uchukue kubwa», mwulize kama ataongeza na mafuta ya jenereta.

Kuna tena barabara. Mashini hizi zinapitia Kampala, halafu Mahagi ama ziwa hadi Kasenyi. Kadi ya grafiki ni nzito na imeshikwa na tundu na skrubu ya pembeni tu. Mashimo ya njia yanailegeza. Garanti ya Kampala, ukiwa Bunia, ni karatasi tu. Na kama ndani ni mashini ya ofisi ya Dell au HP iliyovalishwa koti jipya, alimentasio yake mara nyingi ina plagi za kwake peke yake. Ikiungua, fundi hawezi kuchukua yoyote ya sokoni akaweka. Hizo zinazotoka Marekani, angalia nyuma: kama kuna kidude chekundu kinachosoma 115, kisukume kwenda 230 mbele ya kuchomeka. Usipokisukuma, utasikia mlio mmoja na harufu.

Basi, isinunuliwe? Sisemi hivyo. Kwa mwenye studio ya montaji ama chumba cha michezo, mahali pamoja, jenereta iko, wateja wanalipa kwa saa, sanduku la mezani ni bora kuliko ya mkononi: unabadilisha kipande kimoja kimoja, unaongeza RAM, linapumua. Kwake swali ni bei tu. Aombe namba kamili ya prosesa, afungue GPU-Z, asome alimentasio, kisha acheze mchezo mzito nusu saa mbele ya muuzaji. Mashini ikijizima ama picha ikianza kupasuka, ameokoa pesa yake. Muuzaji akikataa jaribio, bei haina tena maana.

Lakini kwa mfinalisti ambaye 480 ni likelemba ya mama pamoja na mchango wa wajomba, jibu langu ni hapana, hata ikishuka hadi 400. Familia haikuchangia mchezo. Ilichangia mashini ya kuandika, kutuma dosie za kazi, kupiga afishi za ndoa na kupata franga ya kwanza. Kwa pesa ileile, tafuta ya mkononi ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 8 ama juu yake, SSD, RAM 8, betri inayoshika. Haina taa. Muuzaji atakuambia hiyo ni ya masekretere.

Mwambie ndiyo, njo hiyo naitaka, na uanze kupatana bei.