Mjinga wa Ngonjera na Mafunzo ya Adili

Mtoto aliyekulia Makole, katika mji wa Dodoma, ambamo Kigogo cha nyumbani hukutana na Kiswahili cha shuleni na sokoni, alipata mafunzo ya adili kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa jioni, penye hadithi na vitendawili. Wa pili ulikuwa wa mchana, penye kitabu, ubao na mashairi ya kukariri. Mara nyingi milango hii husemwa kuwa inaingiza katika nyumba moja, maana yote miwili humwonya mtoto awe mwema. Lakini yafaa kupima namna ya kila mmoja, kwa kuwa namna ya kufundisha nayo ni fundisho.

Katika kitendawili, ujinga una gharama. Mtegaji hutega, na aliyeshindwa kutegua hutozwa mji. Mji huo ni wa maneno tu, lakini hutolewa mbele ya wenzake, na fedheha yake ni ya kweli. Asiyejua hapewi jibu mpaka amekwisha kujaribu na kushindwa. Kwa hiyo jibu linapotoka humkuta ana haja nalo. Hiyo ndiyo siri ya mafunzo ya jioni: mtoto hutiwa njaa kwanza, kisha hulishwa.

Mafunzo ya mchana yalipata chombo kipya kutoka kwa mtu wa Dodoma mwenyewe. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji, akachunga mifugo kabla ya kujua kusoma, kisha akafanya kazi ya ualimu, ya ukarani na ya mahakamani. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1963 ikatoka diwani yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, washairi walitakiwa kuueneza Ujamaa kwa watu, na Mnyampala akaitengeneza ngonjera kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1969, na vitabu viwili vya *Ngonjera za UKUTA* vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye mwenyewe asivione.

Umbo la ngonjera si gumu kueleza. Ni shairi lenye vina na mizani kama mashairi mengine, lakini beti zake hugawanywa kwa wasemaji wawili au zaidi, nao hujibizana. Mmoja hajui au anapinga, mwingine anajua na anaeleza. Ubeti kwa ubeti, asiyejua huvutwa, mpaka mwisho hukubali, na wote wawili husema kwa sauti moja. Katika miaka ya 1970 shule nyingi za Tanzania zilifanya hivyo mbele ya wazazi na viongozi, wanafunzi wamejipanga mistari, huyu akiuliza na huyu akijibu. Ushairi ambao zamani ulikuwa wa kusomwa na wachache ukawa wa vinywa vya watoto, hata wa bara ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Sifa hiyo ya Mnyampala haifutiki.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kumtazama yule asiyejua. Katika ngonjera nyingi zilizotungwa kwa kuiga zile za Mnyampala, mtu huyu ni kivuli. Huuliza swali ambalo jibu lake limekwisha kuandaliwa. Hupinga kwa hoja ambayo hakuna mpingaji wa kweli angeitoa. Na hukubali upesi, kana kwamba alikuja jukwaani ili akubali. Akisema hataki kulima pamoja na wenziwe, hasemi sababu ambayo mkulima wa Ugogo angeisema, nchi ya mvua haba ambamo mtu huogopa kuacha shamba lake mwaka mmoja tu. Husema kwamba yeye ni mvivu. Mvivu ni rahisi kushindwa. Mkulima mwenye hofu si rahisi, na ndiye aliyestahili kujibiwa.

Madhara ya jambo hili si ya sanaa peke yake. Mtoto aliyepewa beti za mjinga wa namna hii amejifunza nini? Hakujifunza kwamba uvivu ni mbaya, maana hilo alilijua tangu kwao. Amejifunza kwamba mtu mwenye shaka huwa mpumbavu, na kwamba mwisho mwema wa kila mazungumzo ni mdogo kumwitikia mkubwa. Hilo nalo ni fundisho, na hukaa moyoni muda mrefu kuliko maneno ya shairi lenyewe.

Itakuwa dhuluma kulaumu umbo kwa kosa la watungaji. Mnyampala alikuwa mtu wa mahakama, na mahakamani shauri haliamuliwi mpaka pande zote mbili zimesema. Ngonjera ina viti viwili kama baraza lilivyo na mdai na mdaiwa. Kilichokosekana ni kumpa kila mmoja haki ya kusema. Shaaban Robert alikwisha kuonyesha njia katika *Kusadikika*, kilichotoka mwaka 1951. Humo Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na mshtaki wake Majivuno ni waziri mwenye cheo na ulimi. Kwa kuwa mshtaki ana nguvu, utetezi wa Karama huchukua siku sita, na kila siku humpa msomaji hoja anayoihitaji. Lau Majivuno angalikuwa mpumbavu, kitabu kingaliisha siku ya kwanza, na adili lake lingalikwisha pamoja nacho.

Mfano mwingine watoka Ugogo kwenyewe. Mwaka 1975 Ndyanao Balisidya alitoa riwaya ya *Shida*, juu ya vijana waliotoka kijijini wakaenda Dar es Salaam kutafuta maisha mema, wakakuta kinyume chake. Nia ya kitabu ni ile ile ya ngonjera za wakati huo, yaani kumwonya kijana asiyakimbilie ya mjini. Tofauti yake ni kwamba kijana huyu hana mwerevu pembeni wa kumjibu kila ubeti. Hujibiwa na dunia, na dunia haina haraka. Msomaji huandamana naye katika tamaa kabla ya kuandamana naye katika majuto, na kwa sababu aliielewa tamaa, huyaamini majuto. Hapo ujinga umerudishiwa gharama yake, kama katika kitendawili.

Miaka mingi baadaye umbo la kujibizana lilizuka tena mahali ambapo walimu hawakulitazamia, katika muziki wa vijana unaoitwa Bongo Fleva. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa wimbo wa "Ndio Mzee". Humo mwanasiasa huomba kura kwa ahadi zinazopita kiasi, na umati humwitikia kwa maneno yale yale yaliyoupa wimbo jina lake. Ukitazamwa kwa jicho la ushairi, wimbo huu ni ngonjera iliyopinduliwa. Mwenye kujifanya mwerevu ndiye mwongo, na wenye kukubali ndio wajinga. Kosa lao ni kule kukubali kwenyewe. Hakuna sauti ya tatu inayokuja kueleza maana. Jibu ameachiwa msikilizaji, naye hulitoa kwa kicheko. Kijana wa Makole aliyeufahamu wimbo huu alipata somo la uraia ambalo ngonjera nyingi za kupokelea wageni zilimnyima, na alilipata kwa sababu alilazimika kulitafuta.

Haifuati kwamba wimbo wa redioni ni bora kuliko shairi la shuleni. Zipo nyimbo nyingi za vijana zisizo na swali wala jibu, na zipo ngonjera ambazo mpinzani wake ana uzito. Linalofuata ni kwamba kipimo cha maandiko ya adili hakimo katika wema wa adili linalotajwa. Wema huo karibu wote wanao, hata watungaji dhaifu. Kipimo kimo katika heshima anayopewa mtu aliyekosea: kama ana sababu, kama sababu yake ni ile ambayo msomaji mwenyewe angeitoa, na kama kushindwa kwake kumemgharimu kitu.

Mwalimu anayetaka kuitumia ngonjera darasani anaweza kuijaribu kwa njia nyepesi. Ampe mwanafunzi aliye hodari kuliko wote nafasi ya asiyejua, wala si ya mwerevu, na amruhusu kuongeza beti zake mwenyewe. Ikiwa mwerevu wa shairi atashindwa kumjibu, shairi halikuwa tayari kufundisha. Ikiwa atamjibu, watoto wote wawili watakuwa wamefunzwa, na aliyekaa kiti cha mjinga atakuwa amefunzwa zaidi.