Bendera Ndogo Chini ya Ubao

Kwenye drafti ya visoda, iwe steji ya bodaboda Rongo au kivulini karibu na ziwa mjini Homa Bay, hakuna anayehitaji kufundishwa wakati wa kukubali kushindwa. Watu wamewazunguka wachezaji, na mmoja wao anasubiri kiti. Aliyebanwa akizidi kusukumasukuma kete yake ya mwisho, ataambiwa aondoke ampishe mwenzake. Hupanga visoda upya kwa ajili ya anayeingia, husimama, huwa mtazamaji. Kushindwa kwake kumempa mtu mwingine nafasi, na hapo hapo kumekwisha.

Sataranji ya kwenye simu haina foleni hiyo, wala uso wa kutazamwa. Ina kitufe cha kukubali kushindwa, chenye alama ya bendera ndogo chini ya ubao, na ina saa. Vijana ninaowafundisha Jumamosi, wengine wa Migori na wengine wanaotokea upande wa Homa Bay, hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, huyu amekaa tu. Nifanye nini?" Wana malkia na ngome, mpinzani amebaki na mfalme, saa yake ina dakika sita, na hachezi.

Ukimya huo una sura zaidi ya moja, na mchezaji wa huku kwetu lazima ajue kuzitenganisha. Kwenye Lichess, jukwaa la bure lililoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, mpinzani akitoka kabisa mtambo unagundua: unahesabu muda kidogo, kisha unakuruhusu kudai ushindi au kutangaza sare. Akirudi kabla ya hapo, mchezo unaendelea pale ulipoachwa. Lakini akibaki ndani, simu ikiwaka mkononi, huku akikataa kucheza, utasubiri saa yake iishe. Mwenye mazoea hayo mwishowe hufungiwa kucheza kwa muda. Adhabu ni ya haki, ila haikurudishii zile dakika sita.

Sasa weka juu ya hilo bando linaloisha katikati ya mchezo, mtandao unaopotea mvua ikianza, na stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima kwa saa nyingi. Aliyekuwa akishinda usiku ule na aliyekuwa akishindwa walitoweka kwa namna moja, na wapinzani wao huko ng'ambo hawakuwa na njia ya kuwatofautisha. Ndiyo maana naishikilia bendera ile kwa uzito ambao mtu mwenye intaneti isiyokatika huenda asiuelewe. Mahali ambapo ukimya unaweza kuwa bahati mbaya, anayejua ameshindwa na bado ana mtandao anadaiwa neno. Kubonyeza bendera ni kusema: nimeona ulichofanya. Kuiacha saa itiririke ni kuwachafulia jina hata wale waliokatikiwa stima kweli.

Hata hivyo nimewaona vijana wakiinua bendera mapema mno, na hilo linaniuma zaidi. Tarehe 4 Mei 1997, jijini New York, Garry Kasparov alikuwa akicheza mchezo wa pili dhidi ya kompyuta ya IBM, Deep Blue. Mashine ilikuwa imembana tangu mapema. Katika hoja ya 45 ilipeleka ngome a6, na Kasparov akakubali kushindwa. Baadaye wasaidizi wake walimweleza kwamba pale pale palikuwa na sare: malkia wake aende e3, aache askari achukuliwe, kisha amwandame mfalme wa mashine kwa shambulio lisiloisha. Bingwa wa dunia aliamini kuwa mashine imeshaona kila kitu, basi hakuitafuta njia hiyo. Pambano lote akalipoteza kwa 3.5 kwa 2.5. Alichokisalimisha siku ile kilikuwa imani yake. Ubao ulikuwa bado una hoja.

Kama Kasparov alikosea hivyo, kijana aliyecheza miezi mitatu hana haki ya kujiamini kwamba mambo yamekwisha. Mfano ninaourudia mara nyingi: mfalme wako yuko peke yake kwenye kona ya a8, adui ana malkia, na saa yake imebaki sekunde ishirini. Mkono wake ukikimbia akamweka malkia b6 au c7 bila kukushambulia, huna pa kwenda na hujashambuliwa. Huo ni mkwamo, na ni sare. Malkia aliye umbali wa mruko mmoja wa farasi kutoka kwa mfalme wa kona amewaokoa wengi. (Katika sataranji ya kale ya Waajemi na Waarabu, tuliyorithi jina lake, aliyekwamisha mfalme hivyo alihesabiwa mshindi. Kanuni za leo zina huruma zaidi.) Vilevile saa yako ikiisha huku adui hana kete za kukufunga kwa namna yoyote, hujapoteza.

Kwa hiyo kabla ya kugusa bendera nawataka waangalie saa ya mpinzani, waangalie kama kuna mkwamo wa kutegea, kisha wajiulize kama huyu mtu anajua kumaliza. Malkia na mfalme humfunga mfalme mpweke kwa hoja zisizozidi 10, ngome na mfalme kwa hoja 16. Tembo na farasi huhitaji hadi 33, na wengi hawazijui. Asiyezijua mcheze mpaka hoja hamsini ziishe, iwe sare.

Bendera hutumika pia kusema mengine. Tarehe 19 Septemba 2022, katika mashindano ya mtandaoni, Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, alicheza hoja moja tu dhidi ya Hans Niemann, akakubali kushindwa na kuzima kamera yake. Ulikuwa ujumbe wa shaka kwamba mpinzani wake ni mdanganyifu, na dunia nzima ya sataranji iliuelewa. Mimi sikuupenda. Shaka hupelekwa kwa waamuzi, na wengine kwenye mashindano yale walistahili mchezo kamili.

Vijana wangu sasa wana daftari. Kila anayeinua bendera huandika hoja ya ngapi, saa ya kila upande, na alichokiona. Mwanzoni waliandika "nimechoka". Jumamosi iliyopita msichana mmoja wa gredi ya nane alinifungulia ukurasa wake: "Hoja ya 38. Mimi dakika 2, yeye dakika 5. Ngome mbili dhidi ya farasi. Nimetafuta mkwamo, haupo. Mchezo uliopita alinifunga hivi hivi. Anajua."